Mikono Aliyoiacha Walt

Saa tatu asubuhi, Lenny Halasz anashuka ngazi kwenda chumba cha chini cha nyumba yake mjini Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, mkono mmoja una kikombe cha kahawa, wa pili unapapasa ukuta. Anawasha taa ya meza. Anaosha brashi ambayo haijachafuka, anaikausha kwa kitambaa, anaichovya kwenye wino mweusi na kuinama juu ya karatasi ngumu iliyochorwa kwa penseli. Anakaa hivyo kwa muda. Kisha anaikung'uta brashi na kuirudisha kwenye kopo.

Ndivyo alivyofanya jana. Na juzi pia.

"Leo naanza," anasema bila kumwangalia mtu. Halafu anakwenda dirishani kutazama theluji, kana kwamba theluji ni jambo geni Ohio mwezi wa pili.

Lenny ana umri wa miaka sitini na tisa na ni mtia wino. Vile vitabu vya katuni vya mashujaa, wale wanaovaa majoho na kuruka juu ya maghorofa, mara nyingi si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anachora kwa penseli. Mwenzake anapita juu ya penseli hiyo kwa brashi na wino, mstari kwa mstari, kisha penseli inafutwa kwa raba. Kinachokwenda kiwandani kuchapwa ni wino peke yake. Jina la mchoraji linatangulia, la mtia wino linafuata kwa herufi ndogo zaidi. Lenny hajawahi kulilalamikia hilo.

Anacholalamikia, tena kwa kicheko, ni mgongo wake. Kazi hii hulipwa kwa ukurasa, na asiye na ukurasa hana chochote. Pensheni hana. Ipo miaka ambayo majira ya kiangazi yalimkuta juu ya ngazi akipaka rangi nyumba za watu, ili majira ya baridi apate nafasi ya kukaa na Kipupwe.

Kipupwe ndiye shujaa wao, mtu wa baridi anayekuja na upepo wa ziwani kuwatetea wanyonge. Mchoraji wake alikuwa Walt Pruitt. Wawili hao walianza kazi pamoja wakiwa vijana wenye nywele nyingi kichwani, wakazeeka nayo. Walt alifariki dunia wiki mbili kabla ya Krismasi.

Ukurasa ulio juu ya meza ndio wa mwisho aliouchora. Kurasa nyingine za toleo lake la mwisho zimekwisha kutiwa wino. Huu mmoja ndio umemshinda Lenny, na kiwanda kinausubiri Ijumaa.

Tatizo ni mikono.

Walt alijua kuchora kila kitu isipokuwa mikono. Farasi, moto, umati wa watu wanaokimbia, vyote alivimudu. Ukimpa mkono auchore, amekwisha. "Vidole vyake vilikuwa kama soseji kwenye mfuko," anasema Lenny. Hiyo ndiyo sababu joho la Kipupwe ni refu namna ile. Wasomaji waliandika barua miaka nenda miaka rudi wakiuliza siri yake, wengine wakaapa kwamba linaficha silaha. Kumbe lilikuwa linaficha aibu ya Walt.

Pale ambapo mikono haikuwa na budi kuonekana, Lenny aliitengeneza upya kwa brashi, kimyakimya. Walt hakuwahi kushukuru, na Lenny hakuwahi kudai shukrani. Kwenye maonyesho ya vitabu, mashabiki walipoisifia mikono ya Kipupwe, Walt alikuwa akikohoa kidogo na kujibu bila haya kwamba mikono ndiyo roho ya mchoro, huku akimpiga Lenny teke chini ya meza.

Kisha ukaja ugonjwa wa kutetemeka. Ulianza na kijiko, ukafika kwenye penseli. Mistari ya Walt ikaanza kuyumba, na Lenny akawa anainyoosha kama alivyozoea kunyoosha vidole. Ofisini kwa wachapishaji, New York, hawakuambiwa kitu.

"Zipo kurasa nilizomaliza nikalia," anasema. "Nilikuwa namwona anavyoondoka, mstari kwa mstari, nami ndiye ninayefuta ushahidi."

Kwenye ukurasa wa mwisho, maelekezo ya mtunzi wa hadithi yalikuwa mepesi. Kipupwe ageuke, awape watu mgongo, aondoke ndani ya theluji huku joho likiburuta. Walt angeweza kuuchora huo amefumba macho. Hakuuchora. Alimchora Kipupwe akimtazama msomaji uso kwa uso, amevua glavu, ameinyoosha mikono mitupu mbele. Mikono mikubwa, nusu ya ukurasa, na mistari yake inatetemeka kama ya mtu aliyeandika ndani ya gari kwenye barabara mbovu. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda kwenda nje.

Colleen, mhariri wao, alipiga simu Jumatatu. Alizungumza kwa upole, maana naye alimpenda Walt. Alimwambia Lenny ainyooshe tu, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Lenny alishikwa na butwaa, kumbe walijua. Colleen akasema wasomaji wasije wakamkumbuka Walt kwa udhaifu wake. Tumuage vizuri, akasema.

Lenny aliona ana hoja. Akaweka karatasi nyepesi juu ya ukurasa, akaichora mikono upya, imetulia, imenyooka, na kile kidole akakirudisha mahali pake. Anakiri mwenyewe kwamba hajawahi kuchora mikono mizuri kuliko hiyo. Lakini kuihamishia kwenye ukurasa kukamshinda.

"Nikiinyoosha, inakuwa mikono yangu, halafu ile ya kwake naifuta kwa raba. Ni kumzika mara ya pili. Nikiiacha, watu watamcheka marehemu. Hebu niambie, wewe ungefanyaje?" Anauliza, lakini hasubiri jibu.

Jumatano mchana Darlene, mjane wa Walt, anakuja na sufuria ya supu ya kuku na tambi. Hajashuka katika chumba hiki tangu mazishi. Zamani kufuta penseli ilikuwa kazi yake. Wanaume hao wawili walikuwa wakimrundikia kurasa juu ya meza ya jikoni, naye anafuta huku anaangalia viazi vilivyo motoni, na hakuwahi kuchana hata karatasi moja. Ukurasa huu hajauona. Walt aliufunga mwenyewe kwenye bahasha.

Lenny anajaribu kuufunika, lakini amechelewa. Darlene anaitazama ile karatasi nyepesi kwa muda.

"Mizuri," anasema. "Ila si ya Walt."

"Najua, shemeji. Nilikuwa narekebisha tu. Hata kidole hiki kilipinda, nadhani penseli ilimponyoka."

Darlene anaiinua karatasi nyepesi na kuiona mikono iliyo chini. Anacheka kidogo. Kisha anavuta kiti na kukaa.

"Lenny, weka mkono wako wa kushoto hapo mezani."

Anauweka. Kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje. Kimekuwa hivyo tangu Walt alipokiangushia tufe zito la mchezo wa boling, mwaka ule timu ya parokia ilipokaribia kutwaa kombe. Walt alimtania kwa kidole hicho mpaka anaingia kaburini.

"Alikuwa anakuangalia kila ulipokuja kumsomea gazeti," anasema Darlene. "Ukitoka tu, anataka penseli. Namwambia pumzika, baba, hasikii. Akasema, 'Huyu mjinga amenichorea mikono maisha yangu yote. Acha nami nimchoree ya kwake.'"

Machozi yanamtiririka Lenny, naye hayafuti, na supu inapoa juu ya kabati hakuna anayeikumbuka. Mwishowe anasema kwa sauti ya chini kwamba alikiona kidole chake mwenyewe akadhani ni kosa.

Jioni hiyo anampigia Colleen. Hamwelezi habari ya kidole. Anasema hiyo si habari ya ofisi. Anamwambia tu kwamba ukurasa utakuja kama Walt alivyouacha, na mtetemeko wake wote. Colleen anabisha, anasema wakubwa watauliza. Lenny anamjibu waache waulize. Mwishowe mhariri anakubali shingo upande, ila hatoi ahadi. Siku hizi mstari wowote unaweza kunyooshwa kwa kompyuta ukiwa tayari umefika huko, na Lenny hatakuwepo kumzuia mtu.

Alhamisi asubuhi anachovya brashi, na safari hii hairudishi koponi. Anaufuata kila mtikisiko wa penseli ya Walt, unapopanda anapanda, unapokatika anakatika. Anasema hajapata kazi ngumu kama hiyo. Mkono uliozoea kunyoosha ulikuwa unataka kunyoosha, ikabidi aukemee.

Wino ukikauka, Darlene, aliyerudi asubuhi hiyo, anatoa raba kwenye mfuko wa sweta. Anafuta theluji. Anafuta joho, anafuta uso wa Kipupwe, anapuliza vumbi la raba taratibu. Anapofika kwenye mikono, anasimama.

"Hapa siwezi."

Lenny anaichukua raba. Anaishika juu ya vile vidole kwa muda, kisha anaitia mfukoni. Penseli iliyobaki chini ya wino haitaonekana ikichapwa kiwandani, anaeleza. Wao wawili watajua ipo.

Ijumaa bahasha imekwenda. Ofisi imeshapata mchoraji mpya wa Kipupwe, binti kutoka Oregon, na Lenny ameombwa amtilie wino. Wanasema binti huyo anajua sana kuchora mikono. Lenny hajajibu.

Kwanza anasubiri mwezi wa nne. Toleo litakapotoka, hataki nakala ya bure ya ofisini. Anapanga kwenda mwenyewe kwenye duka la vitabu vya katuni, achukue moja na kufungua ukurasa wa mwisho hapohapo mbele ya rafu.

"Nikikuta mikono imenyooka, basi, nitarudisha kitabu rafuni niende nyumbani." Anauweka mkono wake wa kushoto juu ya meza tupu, akiutazama. "Lakini nikikuta inatetemeka, nitasimama pale dukani kutwa nzima nikimsubiri mtu mmoja tu aseme hii mikono imechorwa vibaya. Nimwambie ndiyo, kweli. Hii ameichora Walt."