Siwema, Fundi Anayeyatia Magari Pua

Saa tatu asubuhi, ukungu bado umeikalia Mbeya, lakini nyundo ya Siwema binti Muharami imekwisha kuuamsha mtaa mzima nyuma ya soko. Amepiga magoti juu ya magunia. Mbele yake limelazwa boneti la gari, na katikati ya boneti hilo kuna tundu analoweza kupenya paka.

Mlangoni amesimama kaka yake, Zubery, kikombe cha chai mkononi.

"Gari zima la watu umelitoboa," anasema. "Kesho utatoboa na sufuria, wali upate hewa."

"Kunywa chai yako, kaka," anajibu Siwema bila kuinua macho.

Zubery anatania, lakini ana lake moyoni. Banda hili la ufundi bati waliachiwa wote wawili na marehemu baba yao, naye anataka kuligeuza mkahawa. Wamekubaliana hivi: kazi iliyo mikononi mwa Siwema leo ikishindwa, nyundo zitatundikwa, na meza za chai zitaingia.

Kazi yenyewe ni kulitia gari pua.

Gari ni la Filemoni, Mhehe anayebeba abiria kati ya Iringa na Mbeya. Ni gari la siku nyingi, na adui yake ni joto. Likitoka Mbeya hushuka bonde la Usangu, likapikwa na jua kupita Chimala hadi Igawa. Mlima wa kwenda Makambako unapoanza, petroli huchemka ndani ya pampu, gari likakohoa na kuzima. Filemoni, kama madereva wenzake, huifunga pampu kwa tambara lililoloweshwa maji, kisha huwaomba abiria washuke.

"Wamenibatiza upya," anasema Filemoni. "Iringa nzima naitwa Shuka Tusukume. Hata mchungaji siku moja alijisahau akaniita hivyo mbele ya kanisa."

Ndipo Siwema alipomwambia kuwa mtu mwenye homa hafungwi tambara kichwani tu, hufunguliwa dirisha pia. Alilitoboa boneti juu ya pampu, akafunika tundu kwa bati lililokunjwa mfano wa kata ya kuchotea maji, mdomo ukitazama mbele, ili gari likienda livute upepo wa baridi.

Pua hiyo ya kwanza ilivuta kweli. Ilivuta kupita kiasi.

"Petroli ilitulia, dada," Filemoni anakumbuka, akicheka sasa. "Lakini kufungua boneti, nakuta shamba zima la Usangu limo humo. Kabureta imejaa vumbi. Panzi wameiva, wanangoja chumvi tu."

Siku hiyo Siwema hakula. Alikaa bandani peke yake, na mawazo yakamrudisha Chunya.

Baba yake, Muharami, alitoka Kilwa akifuata habari za dhahabu. Hakuchimba. Aliwatengenezea wachimbaji karai za kuoshea mchanga, na Siwema, akiwa msichana mdogo, alimvutia mivukuto ya kuchochea moto. Anazikumbuka siku hizo kama mtu anayekumbuka harusi: harufu ya bati la moto, kelele za wateja, majigambo yao.

"Mtu alikuwa hanunui karai kimya kimya," anasimulia. "Kwanza akutajie mke atakayemwoa akipata dhahabu. Wengine walitaja wawili. Baba anawaitikia wote, amina, amina, huku anapiga nyundo."

Wachimbaji walipotawanyika, baba alihamia Mbeya. Sasa karai zinatoka dukani, na fundi bati amebakiwa na koroboi na mifereji ya mvua. Siwema anapozungumzia ukimya huu, hushika kitu chochote kilicho karibu na kukigonga kidogo, tok, tok, kama anayeuliza kama bado kuna mtu ndani.

Lakini siku ile ya panzi alikumbuka jambo jingine. Ndani ya kila karai baba yake alipiga mbavu, vituta vidogo vya bati vya kunasia dhahabu. "Kizito ni kivivu," alikuwa akisema. "Kikikuta ngazi, kinakaa."

"Nikajiuliza, vumbi si zito kuliko upepo?" anasema Siwema.

Kwa hiyo pua ya pili, hii anayoigonga asubuhi hii, ina mbavu tatu ndani, na chini ya kila ubavu kuna mwanya wa kumwaga uchafu nje. Ameifunga kwa ripiti, vile vijimsumari vinavyopondwa kichwa. Lehemu ingeyeyuka njiani.

Adhuhuri boneti linarudishwa mahali pake. Filemoni anapakia, anaondoka. Zubery anakwenda kwa seremala kuulizia meza.

Gari linarudi Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Viatu vya abiria ndivyo vinavyotoa habari kwanza: ni safi. Bibi mmoja kutoka Iringa, Verediana, anateremka akinyoosha mgongo.

"Leo nimekaa mwanzo mpaka mwisho," analalamika. "Mpaka nikaona haya. Nauli ni ileile na sijasukuma hata kidogo!"

Filemoni anafungua boneti. Zubery anapenyeza kidole kwenye kabureta, anakitazama, anakifuta kwenye kanzu bila kufikiri. Kanzu haichafuki.

"Hizo meza," anasema hatimaye, "zinaweza kukaa nje. Madereva wakingoja pua zao, watakunywa chai."

Siwema anaokota nyundo yake. Anaangalia pembeni, machozi yakimlenga.

Tumaini lake sasa ni kuipanda barabara hiyo mwenyewe, maana hajawahi kuvuka Chimala. Anataka kukaa mbele, dirisha wazi, asikie gari linavyopumua mlimani. Filemoni amemwekea nafasi safari ijayo.

"Na likizima, dada?" anauliza Filemoni.

"Wewe liwashe tu twende," anasema Siwema. "Likizima, wa kwanza kushuka kusukuma ni mimi."