Kisanduku cha Bastola ya Baba

Baba alistaafu upolisi akiwa bado na nguvu zake, akarudi nyumbani kwetu Madungu kulima muhogo na kuangalia mikarafuu michache aliyorithi. Miaka ya mwanzo alikuwa mtu mwepesi wa maskhara. Kisha akatoka jela mtu mmoja ambaye Baba ndiye aliyemkamata zamani. Mtu yule hakufanya lolote. Alipita mbele ya baraza letu, akatoa salamu, akauliza, "Afande, bado unakaa nyumba hii hii?" Akenda zake. Baada ya siku chache akapita tena, akauliza vile vile.

Baba aliomba kibali cha silaha, akazungushwa ofisi hii na ile, na mwisho akarudi na bastola ndogo nyeusi, ameifunga kwenye kitambaa. Aliilaza chini ya mto wake. Mama alikuwa akilala ameupa mgongo mto ule.

Mie wakati huo nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa wazee pamoja na binti yangu, nikisomesha skuli ya jirani. Siku moja ya mapumziko nilikuwa nafua uani, nikamuona mwanangu anatoka chumbani kwa babu yake, amekibeba kile kitambaa kwa mikono miwili, kama mtu aliyechukua bakuli la uji wa moto.

"Bibi, hichi nini? Kizito."

Mama ndiye aliyekuwa karibu naye. Alikipokea taratibu, akakiweka juu ya kabati, kisha akakaa chini palepale.

Baba aliporudi shamba hakupewa hata maji. Mama alimwambia, "Mume wangu, ama kitu hicho kipate pa kufungiwa, ama mie na mjukuu wangu twende Fundo kwa ndugu zangu." Mama alizaliwa kisiwani Fundo, na akiitaja Fundo kwa sauti ile, Baba alikuwa akijua hana maskhara.

"Nikikifungia, mwizi atanisubiri nitafute funguo?"

"Basi tafuta cha kufungika na kufunguka upesi. Wewe ndo polisi, wewe ndo unojua."

Kwa hiyo tukaenda Unguja, mimi na Baba. Tuliulizia mjini mpaka tukaelekezwa duka moja la vyuma na makufuli. Mwenye duka alitusikia tukisemezana tu, akacheka. "Nyie Wapemba nyie, mna nini cha kufungia?" Baba akamjibu kuwa Wapemba nao huibiwa. Wakacheka wote wawili, na visanduku vikaletwa juu ya meza.

Cha kwanza kilikuwa cha ufunguo. Baba alifumba macho, akajaribu kuuingiza. Ufunguo ukakwaruza huku na huku pembeni mwa tundu. Alifumbua macho akasema, "Hichi kimeshaniua." Cha pili kilikuwa cha alama ya kidole, na mwenye duka akakisifia kuwa ndicho cha kisasa. Baba akaweka dole gumba. Taa nyekundu, na mlio mdogo kama wa kifaranga. Akafuta dole kwenye kanzu, akaweka tena. Nyekundu.

"Mzee, jembe limekufuta alama," mwenye duka alisema. "Muweke binti yako."

Niliweka kidole changu, taa ikawa kijani mara moja. Baba alikigeuza kisanduku akakirudisha kwa mwenyewe. "Silaha haina watu wawili," alisema. Kisha akawa analitazama dole gumba lake.

Cha tatu hakikuwa na ufunguo wala alama. Juu yake palichongwa mifereji minne, kila mmoja wa kulaza kidole kimoja, na mwisho wa kila mfereji pana kitufe. Mtu anajichagulia mwenyewe mpango wa kuvibonyeza, na akiupatia, kifuniko kinaruka. Nilimuuliza mwenye duka kama mtoto hawezi kuchezea mpaka akabahatisha. Akanionyesha: ukikosea mara kadhaa kinakataa kabisa, unasubiri. Tena kinafungwa ukutani kwa misumari ya parafujo, hakibebeki. Baba akavuta kigoda cha dukani, akakaa, akafumba macho, akafanya mazoezi kama mtu anayejifunza kinanda, huku wateja wengine wakimtazama. Nilikuwa sijamuona amefurahi vile tangu yule mtu apite barazani.

Fundi alikifunga ukutani ubavuni mwa kitanda. Kila alasiri Baba alikuwa akikaa pale, anafungua, anafunga, mpaka vidole vikawa vinakwenda vyenyewe huku anazungumza mambo mengine. Mama akawa anawaambia majirani, "Mwenzangu kaoa tena." Lakini mto wa Baba aliuelekea sasa, na mwanangu akawa anaingia chumbani bila ya kukatazwa.

Yule mtu wa jela alihamia Wete, akafungua genge la mboga. Niliwahi kumkuta huko siku moja. Alinisalimia, akaniuliza hali ya Baba, akanichagulia mchicha mzuri. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama alipata kuwa na nia yoyote mbaya.

Kusahau kulianza kidogo kidogo. Baba alirudi msikitini na viatu vya mtu mwengine, tukacheka. Akaniita kwa jina la dada yake marehemu, hatukucheka sana. Kisha akapotea njia ya shambani kwake mwenyewe, akaletwa na mpanda baiskeli aliyemkuta amesimama njia panda, anatetemeka kwa hasira. Hospitali walituambia ni maradhi ya ubongo, hayana dawa, tumuweke karibu nasi, na vitu vya hatari tuviweke mbali. Tulificha visu. Tulifunika kisima. Bastola hatukuihangaikia, maana imo kwenye chuma. Mtu asiyekumbuka kama amekula mchana atakumbukaje mpango wa vitufe?

Ikawa siku moja baada ya alasiri Mama anarudi kutoka kwenye khitma ya jirani, amevaa buibui lake jipya. Mimi niko ukumbini nasahihisha kazi za wanafunzi. Aliingia chumbani kubadilisha nguo, na mara nikasikia kifuniko kikiruka.

Niliposimama mlangoni, Baba amekaa kitandani, ameielekeza bastola kwa Mama. Mkono ule uliokuwa ukimwaga chai kila akishika kikombe, ulikuwa umetulia kama jiwe.

"Wewe nani? Umeingiaje nyumbani kwangu?"

Nilifungua kinywa. Mama hakugeuka, lakini alinyoosha kiganja nyuma yake, chini chini, kunizuia. Kisha akajishusha akakaa juu ya mkeka, karibu na mlango kabisa, pale anapokaa mtu asiyekuwa mwenyeji.

"Assalaam alaykum, mwenye nyumba," alisema. "Mie mgeni. Natoka Fundo. Jua limenichoma, nikaona mlango u wazi, nikasema niombe maji."

Nikaona uso wa Baba unalegea.

"Waalaykumu salaam. Fundo?"

"Ndiyo, bwana. Fundo."

"Mie nimeposa Fundo," Baba alisema. "Bado sijajibiwa."

Mama aliinamisha kichwa. "Inshallah watakujibu kheri."

"Ngoja nikutilie maji," alisema Baba. Akaiweka bastola kitandani kama mtu anavyoweka tasbihi, akanipita mlangoni bila ya kunitazama, akenda kuchukua gilasi ile ya wageni. Niliitia bastola ndani ya kikapu cha nguo chafu, nikatoka nacho, nikakaa jikoni huku nimekipakata. Nilimsikia Mama akimshukuru. Aliyanywa yale maji yote. Baba alipotoka kwenda kutia udhu, ndipo nilipomsikia Mama analia.

Asubuhi yake nilikwenda kituoni. Alikuja askari wa kike, kijana, amevaa sare zake, na mimi njia nzima namuomba aingie kwa upole. Hakuwa na haja ya kuombwa. Baba alipoziona sare alisimama, akaweka kofia yake sawa. Niliweka bastola mbele yao. Baba aliichukua, akatoa risasi, akachungulia ndani kuhakikisha, akaigeuza kitako mbele, akamkabidhi. Yote hayo bila kusita mahali.

"Nimeipokea, afande," askari alisema, akampigia saluti. Baba aliipokea saluti ile kama zamani. Yule askari alipofika nje alisimama kidogo kivulini, akafuta macho, akaondoka.

Tulidhani tumemaliza, lakini Baba alikuwa bado anakitaka kisanduku. Kwa ushauri wa fundi tulibadilisha mpango wa vitufe ili asiwe anakishughulikia. Alibonyeza, kikamkatalia. Akabonyeza tena mpaka kikanyamaza kabisa. Akaweka paji la uso juu ya chuma, akalia kwa sauti, mzee mzima, anauliza ni nani aliyemuingilia. Jioni ileile tukaurudisha mpango wake wa zamani. Kuanzia hapo akawa anafungua kila siku, anatazama patupu, anafunga. "Ipo," ananiambia. Namjibu, "Ipo, Baba."

Kwa Mama, kumbukumbu za Baba hazikurudi tena. Mwanzo tulingoja, tulidhani ataamka siku moja amwite kwa jina lake. Badala yake aliamka akamuuliza, "Mgeni, umelalaje?" Mama akajibu, "Nimelala salama, mwenye nyumba." Alihamia chumba changu, maana Baba alikuwa mtu wa heshima, hakubali kulala chumba kimoja na mke wa watu. Asubuhi anampikia, anamtilia chai, naye anamshukuru na kumuomba radhi kwa kumtaabisha. Mara nyingine alimhadithia habari za yule msichana wa Fundo aliyemposa.

"Mzuri?" Mama alimuuliza siku moja, anamenya muhogo.

"Mzuri. Lakini mkali."

Mama alicheka mpaka akaacha kisu. Na Baba naye akacheka, kwa kumuona mgeni wake amefurahi.

Baba alifariki miaka michache baadaye, kwa homa iliyomchukua upesi. Mama alikaa eda katika chumba kile kile, alichokuwa amekihama. Wanawake walikuja kumpa pole, na mmoja wao, kwa nia njema, akamwambia ashukuru kuwa marehemu hakupata tabu, maana maradhi yale humsahaulisha mtu hata machungu yake.

"Alipata tabu," Mama alisema. "Kila siku alikuwa akiniuliza kama yule msichana atamkubali. Namwambia, atakukubali. Anatulia. Akishasahau, ananiuliza tena, na hofu ile ile."

Akaivuta kanga usoni.