Babu wa Seneta na Benchi la Viziwi

Katika mji mzima wa Wetherby, pale Konektikati, Marekani, hakuna aliyemtaja Seneta Pruden kumzidi binamu yake Eliakimu, fundi wa mapipa. Ukimwagiza pipa la nyama ya chumvi, ulipewa kwanza habari za ukoo, pipa baadaye. "Babu yetu alikuwa bwana mkubwa Uingereza," alisema kila mara. Uzeeni alikiri hajui alilitoa wapi neno hilo. Pengine kwenye pombe ya tufaha.

Mkewe, Mehitabeli, masikio yalikuwa yanamwishia. Walikaa nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, na kwa majira mawili ya baridi hakuambulia neno la mahubiri. Alirudi nyumbani analia.

"Niombee benchi la viziwi, lile la chini ya mimbari," alimwambia mumewe tangu mwanzo.

"Mke wa binamu wa Seneta akae na vikongwe, kanisa zima likimkodolea macho? Thubutu. Subiri viti vipangwe upya, utakaa mbele kwa heshima yako."

Siku hiyo ikafika. Kamati ya kanisa ilikaa kupima umri wa kila mtu, mali yake na hadhi ya nyumba yake, ili iamue nani akae wapi. Eliakimu akaingia na Biblia ya babu yake kwapani, iwe ushahidi wa ukoo wake. Miaka ishirini alikuwa akiwaringia watu jalada lake, ndani hajawahi kusoma, kwa kuwa mwandiko wa babu ulimchosha macho.

Shemasi Fosdick, mwenyekiti, akavaa miwani na kusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti.

"'Mimi, Amosi Pruden, nililetwa huku kuwa mtumishi wa kufungwa kwa mkataba, nilipe nauli ya meli kwa kazi ya miaka saba. Nilitoroka mara mbili, nikakamatwa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na nguruwe wa bwana wangu.'"

Wazee wa kamati wakatazama dari.

"Huyu ndiye babu wa Seneta?"

"Ndiye, Shemasi."

"Na wako."

"Na wangu. Ila nguruwe sikumwonja."

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Eliakimu naye akacheka, kwa aibu.

"Sasa, ndugu yangu, kiti cha mbele unakitakia nini?"

"Mke wangu hasikii," akasema kwa sauti ndogo.

"Si ungesema tu? Benchi la viziwi halina ukoo, na lipo wazi mwaka mzima. Aanze Jumapili hii. Wewe baki mlangoni. Kwa babu huyo, ni vizuri ukae karibu na pa kutokea."

Jumapili, Eliakimu akamwona mkewe kwa mbali, katikati ya vikongwe, uso ameuinua kwa mchungaji, akiitikia kwa kichwa kila hoja ilipomwingia. Roho ikamuuma. Majira mawili ya baridi alimnyima mke wake mahubiri, asimwambie Shemasi neno moja tu, kwa ajili ya heshima ya mwizi wa nguruwe.

Njiani kurudi Mehitabeli alimsimulia mahubiri yote, hoja kwa hoja, kana kwamba mumewe hakuwepo. Eliakimu alikuwa ameyasikia, lakini hakumkatiza. Walipofika nyumbani akamwomba aanze tena.