Wimbo wa Kupandia Mlima

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakimbia na kikundi chetu cha joging hapa Morogoro mjini, sisi watu wazima wa vitambi na presha, bajaji ikitutangulia na spika imefungwa nyuma. Kijana mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza, "Mama, wewe ukichoka unajiwekea wimbo gani?" Nikamjibu sina. Kisha nikaongeza mwendo ili asiniulize tena. Nilimdanganya, rafiki yangu, na kwa kuwa wewe hutanisuta mbele za watu, ngoja nikueleze.

Mimi nimekulia milimani, upande wa Matombo. Nyumba ya bibi ilikuwa juu, shule na gulio vilikuwa chini barabarani, na katikati palikuwa na njia moja ya mguu iliyokatisha migombani. Asubuhi tulikunywa chai ya mdalasini, gome lake tumelibandua wenyewe nyuma ya nyumba, na magimbi ya kuchemsha, kisha tukateremka mbio hadi magoti yanalegea. Jioni ndiyo ilikuwa kazi. Unapanda na daftari zako, na kidumu cha mafuta ya taa ambacho bibi amekuagiza, na jasho linakuingia machoni.

Wanawake wa kwetu walikuwa na wimbo wa kupandia. Mmoja anaita, waliobaki wanaitikia. Anayeita huuliza juu ya chochote anachokiona: "Mlima huu wa nani?" Mnajibu, "Wa kwetu!" "Kijito hiki cha nani?" "Cha kwetu!" Hata aliyekuwa akipalilia tangawizi ng'ambo ya bonde, akisikia anaitwa, husimamisha jembe na kuitikia. Kutoitikia kulikuwa kosa kubwa kuliko kumpita mkubwa bila shikamoo. Niliwahi kuchapwa na bibi kwa sababu nilinyamaza nikiwa na kipande cha muwa mdomoni. Aliniambia kuwa mtu akiuliza hivyo nawe ukakaa kimya, umemwambia kwamba wewe na yeye si watu wa pamoja.

Aliyejua kuita kuliko wote alikuwa jirani yetu, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Alikuwa mwembamba, ana sauti nene isiyolingana naye, na alikuwa akibeba tenga la ndizi kichwani bila kulishika, ngata yake ya majani makavu ya mgomba imekaa sawasawa. Mwalimu wa michezo alipogundua kwamba nina mbio, alisema miguu ninayo lakini pumzi sina. Jirani akacheka. Akasema pumzi ataitafuta yeye.

Basi kila siku ya gulio nilimsubiri njiani. Yeye anapanda taratibu na mzigo wake wa chumvi na dagaa, mimi nakimbia hadi kona ya juu, narudi kumfuata, napanda tena. "Nikiita, vuta," alinifundisha. "Ukiitikia, toa yote. Usiseme na mdomo, mwanangu, sema na tumbo." Baada ya miezi kadhaa sikuwa nachoka tena. Nilikuwa nikisikia "wa nani" tu, miguu inajipanga yenyewe. Hakuna muziki ulioniingia mwilini namna ile hadi leo, na nimejaribu mingi.

Nikachaguliwa kwenda mashindano mjini. Tulilazwa siku mbili katika madarasa pamoja na wasichana wa shule za mjini. Hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Walikuwa na simu ya dada wa mmoja wao, ina nyaya za masikioni, wanapokezana kusikiliza Bongo Fleva. Walinicheka nilivyovuta maneno kama watu wa milimani. Kufika jioni ya kwanza nilikuwa nimeshawaambia kwamba nyumbani kwetu ni mjini, ila kwa bibi nimepelekwa kusoma tu. Wakanikubali. Mmoja wao akaniazima raba. Niliona nimepata maisha.

Mbio zangu zilikuwa za mita elfu moja na mia tano, na wawili wa kwanza ndio waliotakiwa kuingia timu ya mkoa. Hadi mzunguko wa mwisho nilikuwa wa pili. Moyoni nilikuwa najiitia mwenyewe, kimya kimya, nauliza na kujibu. Ndipo kwenye kona ya mwisho nikamwona jirani. Alikuwa amekuja na lori la ndizi alfajiri ile, kaacha biashara yake sokoni, kajifunga khanga kiunoni, tenga bado liko kichwani. Akaniona. Akapaza sauti yake ile:

"Mtoto huyu wa nani?"

Wasichana wenzangu walikuwa wamesimama hatua chache kutoka kwake. "Jamani, huyu mama wa ndizi anamwimbia nani?" mmoja akasema, wakaangua kicheko. Jirani akaita mara ya pili. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona mishipa ya shingo yake. Akaita mara ya tatu, sasa akinifuata kwa hatua kando ya mstari, na ndizi zinatikisika.

Nilifunga mdomo. Nikatazama mbele kama mtu asiyemjua. Na kwa kuwa mwili wangu ulikuwa umezoea kutoa pumzi kwa kuitikia, ile pumzi ikakwama kifuani, mbavu zikanibana, na msichana aliyekuwa nyuma yangu akanipita. Nikawa wa tatu.

Jirani alinifuata nilipokuwa nimekaa chini. Alinipa ndizi mbili mbivu. Wale wasichana wakatazama, nami nikazipokea haraka na kusema, "Asante, mama," kwa sauti ya kumwambia mchuuzi. Akaniambia nimekimbia vizuri, akarudi sokoni.

Kijijini walishasikia kwamba jirani aliniita pale uwanjani. Walitaka kujua nilivyoitikia. Jirani aliwajibu wote jibu moja: spika za uwanjani zilikuwa zinapiga kelele mno, mtoto hakusikia. Akawaambia hivyo hadi wakaacha kuuliza. Tuliendelea kupanda pamoja, aliuliza juu ya mlima na kijito na migomba, nami niliitikia kwa nguvu kuliko wote, lakini juu yangu hakuuliza tena.

Nilishakuwa mtu mzima, nina watoto, nilipopata ujasiri wa kupanda kwenda kumwomba radhi. Nilimkuta kitandani, miguu imevimba, sauti imebaki ndogo. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwamkia, nikashika mkono wake, nikasema, "Mama, siku ile uwanjani…"

"Zile spika," akanikatiza, akitabasamu. "Hukunisikia, eti?"

Alinitazama. Ilikuwa imebaki kusema neno moja tu la kweli. Nikasema, "Sikukusikia, mama."

"Nilijua," akasema. "Niliwaambia." Akanipigapiga mkono, akalala. Miezi miwili baadaye tukamzika.

Siku hizi ndizi zinateremka kwa bodaboda, na anayepanda hupanda akiwa amekaa, muziki unatoka kwenye simu ya dereva. Ile njia ya mguu imeota magugu. Wanawake waliojua kuita wamekwisha, na wasichana wa sasa ukiwauliza wimbo wa kupandia wanakushangaa. Watu wanasema nyimbo hupotea zenyewe kwa sababu dunia inabadilika. Labda. Lakini mimi naujua mmoja uliotakiwa kujibiwa kwa maneno mawili, nami nilikuwa nayo mdomoni. Kama alijua ukweli na akanifichia, au kama kweli aliamini hadi anakufa, sijui, na yote mawili yananiumiza sawasawa. Nilimsikia. Nilimsikia mara zote tatu.