Maneno ya Chini ya Picha

Pale gazetini tulimwita Kutoka Kushoto, na hata mumewe alipokuja kumchukua jioni alimuulizia kwa mlinzi kwa jina hilo. Kazi yake ilikuwa maneno madogo: kichwa cha habari, sentensi iliyo chini ya kichwa, maelezo ya picha. Mpiga picha akileta picha ya watu waliojaa benchi, yeye huuliza, "Kutoka kushoto, huyu nani?" Asipojibiwa, picha haiendi popote. Alikuwa akisema kumweka mtu gazetini bila jina ni kama kumkaribisha mgeni ukamnyima kiti.

Mimi nilikuwa meza ya jirani, nikisoma prufu, nikisaka makosa kabla gazeti halijachapwa. Shule niliiacha mapema, magazeti ndiyo yaliyonisomesha. Basi nisilaumiwe nikiyaombolezea. Mtambo wa kuchapia uliuzwa kama chuma chakavu. Chumba chake sasa kina skrini ukutani inayoonyesha habari ipi inafunguliwa, na vijana huikodolea macho kama wagonjwa wanaosubiri mlango wa daktari ufunguke. Sisi wengine tuliagwa kwa soda. Yeye alibakizwa, maana wakubwa waligundua kwamba msomaji wa simu hasomi habari. Anasoma maneno madogo, anapita. Wakamrundikia maneno madogo ya habari zote, mpaka yakamfika shingoni.

"Kaka," aliniambia tulipokutana dukani, "zamani nilikuwa napika. Siku hizi napakua tu, chungu chenyewe sikioni."

Ndivyo kosa lilivyompata. Iliingia habari ya wezi waliokata nyaya za umeme na kuacha mtaa mzima gizani. Picha haikuwepo. Mhariri wa zamu, kijana ambaye wenzake humwita Chapuchapu, akamwambia, "Mama, tupia yoyote yenye nyaya." Akachokora ghala la picha za zamani, akapata mtu amechuchumaa kando ya bunda la waya, cheche zinaruka. Akaiweka. Kichwa alikiandika vizuri: "Walivyoiba nyaya na kuzima mtaa." Chini ya picha hakuandika kitu. Mtu huyo ni nani hakuuliza, kwa kuwa habari nyingine zilikuwa zimepanga foleni nyuma yake.

Kesho yake mtu yule akaja mapokezi, bado amevaa aproni ya ngozi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kutoka Kushoto alipoitwa, akamnyooshea simu.

"Dada, huyu si mimi?"

"Ni wewe."

"Hapa nilikuwa natengeneza geti la shule. Nilimwambia mpiga picha wenu angoje nijipanguse, akasema baki hivyohivyo, umependeza. Haya, uzuri wangu umefika. Mteja kaja kuchukua geti lake likiwa nusu. Ananiambia, 'Fundi, mimi sina neno na wewe, ila mke wangu anaogopa.' Binti yangu anaulizwa shuleni baba katoka lini jela."

Kutoka Kushoto akaishika simu, akakisoma tena kichwa alichokiandika.

"Hamkuniita mwizi," fundi akasema. "Mmenikalisha tu chini ya neno lenyewe."

Kutoka Kushoto akamwendea Chapuchapu. Kijana akataka picha iondolewe, yaishe.

"Haiishi. Imeshaingia kwenye simu za watu. Ukiiondoa, watasema tumeficha."

"Basi andika maelezo."

Akaandika: jina la fundi, la baba yake na la babu yake, kwamba alikuwa akitengeneza geti la shule, kwamba hahusiki na wizi wowote, kwamba gazeti limekosea na linamwomba radhi. Yakawekwa chini ya picha. Lakini watu waliporushiana habari ile, simu zilibeba kichwa na picha tu. Maelezo yalibaki nyuma, kama mzee aliyeachwa na basi.

Akataka yapandishwe kwenye kichwa.

"Mama, kichwa kikisema tulikosea, nani atafungua?"

"Simwandikii afungue. Namwandikia ajue."

"Tutafukuzwa mimi na wewe," Chapuchapu akasema, bila hasira. Naye alikuwa hajalala vya kutosha.

Zamani kosa la leo lilisahihishwa kesho, ukurasa uleule, na macho yaleyale yaliyoliona kosa yakauona ukweli. Sasa ukurasa wenyewe uko wapi?

Akachapa picha na maelezo kwenye karatasi kubwa, herufi nene, akaniletea nisome kama tulivyozoea. Sikuwa na la kurekebisha. Duka la vifaa vya ofisi wakaivika plastiki, tukaipeleka kwa fundi, akaifunga kwa waya kwenye mlango wa karakana.

Mama mmoja alisimama, akasoma kidole kikifuata mistari.

"Kumbe geti la shule ni mkono wako? Na madirisha unaweza?"

"Naweza, mama. Pita ndani."

Nyuma yake akaja kijana na simu mkononi, akamtazama fundi, akaitazama simu, akaanza kuondoka.

"We mwanangu," Kutoka Kushoto akamwita. "Rudi usome."

Kijana akarudi, akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa dada, utawaita wote?" fundi akamuuliza.

"Leo sina zamu mpaka jioni."

Nilimwacha amekalia kigoda cha fundi, viatu amevivua, anawatazama wapita njia.