Mtu wa Tatu Kwenye Pikipiki ya Marselino

Ukishuka stendi ya Sumbawanga una haraka zako, usipande pikipiki ya Marselino. Wenzake wenyewe watakutahadharisha. Kijiweni wanamwita Mzee Taratibu, na arobaini hajafika, ni mwendo tu uliomzeesha. Anashuka mteremko kama mtu aliyebeba trei la mayai. Akimwona ng'ombe kule mbali, huku anaanza kushika breki. Na abiria akimhimiza, anamjibu kwa upole kwamba ashuke atembee, huenda akawahi. Kuna walioshuka kweli, na waliwahi.

Ana jambo moja la kujivunia, nalo atakusimulia hata usipomwuliza: hajawahi kubeba mshikaki. Vijana wa kijiwe kile hupakia abiria wawili kwa mpigo, na kuku juu, na wakimwona trafiki wanachepuka vichochoroni. Marselino hapana. Miaka sita yote ni abiria mmoja mmoja, na kofia ngumu anamfunga yeye mwenyewe mkanda kidevuni. Wanamcheka, lakini wajawazito wanaotoka kliniki humsubiri yeye, hata akiwa wa mwisho kwenye foleni.

Sasa, pikipiki yenyewe bado si yake. Aliichukua kwa mkopo kwa Edwin, mwenye duka la vipuri, na kadi imelala kwenye droo ya Edwin mpaka deni liishe. Mkataba ulimtaka akate bima kubwa, ile inayolipa hata pikipiki yako ikigongana na kuharibika. Mwanzoni alilipa bila neno. Safari hii, bima ilipokaribia kuisha, Edwin akamwambia, "Marselino, umeshavuka nusu ya deni, sikubani tena. Kata kubwa, kata ndogo, hiari yako. Ila jua hivi: pikipiki ikivunjika, deni halivunjiki."

Hiari hiyo ndiyo iliyomkosesha raha. Bora angelazimishwa, angelipa huku ananung'unika, na kunung'unika hakuhitaji akili nyingi.

Aliwapelekea wenzake kijiweni shauri hilo. Beda, ambaye ana kovu kwa kila kona ya mji, akamwuliza, "Kaka, wewe umeanguka lini?"

"Sijawahi."

"Basi unamlipia nani? Bima kubwa ni yetu sisi tunaokimbia. Wewe labda ugongwe na konokono, tena kwa nyuma."

Kijiwe kizima kilicheka, na Marselino mwenyewe akacheka. Lakini maneno yalimkaa. Hela ile ingenunua mabati ya jiko la mke wake, linalovuja tangu masika. Mtu asiyeanguka anyimwe mabati kwa sababu ya wanaoanguka? Akavaa koti lake zito, maana baridi ya Ufipa mwezi huo haina mchezo, akaenda ofisi ya bima kuulizia ile ndogo.

Ofisini alimkuta binti anaitwa Sharon.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii bima ndogo inafaa nini?"

"Hiyo ni ya mtu wa tatu, baba."

Marselino akarudisha kiti nyuma. Aliona ametukanwa, tena mbele za watu. "Mwanangu, uliza mji mzima. Mimi sibebi mtu wa tatu."

"Si lazima umbebe, baba. Inaweza kutokea tu."

"Kwangu haitokei. Mimi mmoja, abiria wa pili, basi. Hiyo wauzieni hao wa mishikaki."

Sharon akamtazama, akatazama fomu, ndipo akaelewa. Akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, akakaa huko kwa muda. Alipoibuka, macho yana machozi ya kicheko, akamweleza kwa adabu: mtu wa kwanza ni mwenye pikipiki, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni yeyote wa nje atakayeumia au kuharibiwa mali. Bima ndogo humlipa huyo wa tatu. Pikipiki yako ikiharibika, utajijua.

"Na Edwin anayenidai, ni mtu wa ngapi?"

"Huyo hana namba, baba. Huyo anasubiri tu."

Marselino alitoka ameshaamua. Wa nje atalipwa, yeye haanguki, kesho anakata ndogo, na mabati yananunuliwa. Alijisikia mwepesi kiasi kwamba karibu aongeze mwendo.

Nyumbani kulikuwa na fumbo jingine lililomsumbua wiki kadhaa. Mke wake, Valeria, ni mtu wa Kirando, amekulia ziwani kwenye vichanja vya dagaa, na dagaa ndiyo biashara yake sokoni. Sasa mwanamke huyo amekuwa akifungua gunia anaziba pua kwa kanga. Na asubuhi, Marselino akimpeleka sokoni, anamgusa bega: "Baba Rahel, taratibu." Katika mkoa mzima wa Rukwa, hakuna mwingine aliyewahi kumwomba Marselino apunguze mwendo. Alidhani mkewe amenuna, na hakujua kosa lake.

Jioni hiyo, wakila ugali wa ulezi, akaona amchekeshe kwa kisa cha ofisini. Alisimulia vizuri, akaigiza hata Sharon alivyopotelea chini ya meza, na Valeria akacheka mpaka akashika ubavu. Marselino akamalizia kwa habari ya mabati. Hapo Valeria akaacha kucheka.

"Ulimwambia huyo binti hujawahi kubeba mtu wa tatu?"

"Nilimwambia. Mji mzima shahidi."

"Ulimdanganya, Baba Rahel. Umembeba tangu Pasaka."

Marselino akaanza kuwapitia abiria wake mmoja mmoja. Mwalimu yule mnene alipanda peke yake. Sista alipanda peke yake. Akabaki mzee mmoja wa kijiji cha Kate, aliyekuja mjini na mnyama mapajani.

"Ni yule mbuzi?" akauliza.

 Valeria akauchukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni mwake, juu ya kanga.

Binti yao, Rahel, yuko kidato cha tatu. Baada yake walisubiri, wakapima hospitali, wakasali novena, na mwisho wakaacha hata kulizungumzia, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Miaka kumi na tano. Marselino alifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja.

"Siogopi wewe kuanguka," Valeria akasema. "Naogopa lori la mahindi linalotoka Laela, dereva wake hajui habari za taratibu yako. Likiilaza pikipiki na deni likabaki, huyu atakula nini?"

"Na jiko lako?"

"Linavuja tangu masika, na leo si tumekula?"

Asubuhi Sharon alikuwa ameshaandaa karatasi za bima ndogo.

"Weka kubwa, mwanangu," Marselino akamwambia.

"Lakini jana ulisema wewe huanguki, baba."

"Sianguki. Ila nimegundua nabeba mshikaki."

Sharon akarudi chini ya meza kutafuta kalamu.

Jioni Marselino alimfuata Valeria sokoni. Walipita mbele ya kijiwe kwa mwendo ambao haujawahi kuonekana, miguu yake yote miwili ikigusa ardhi, na mtoto aliyekuwa akisukuma tairi kwa fimbo akawapita. Beda akasimama. "Kaka, imezima? Tuje tusukume?"

"Haijazima," Marselino akajibu, bila kugeuza shingo. "Nimepakia wawili."

Beda akatazama nyuma ya Marselino, akamwona Valeria peke yake, akahesabu tena.