Papa anakatala ukuta ya salon

Bandugu, siwezi kwikala chini. Niko nazunguka tu mu lupango, inje ya nyumba, sababu ya ukuta.

Magoti inamusumbua papa yangu. Kine wa opitali, ule wa mazoezi ya viungo, alimupatia zoezi ya kutia miguu nguvu: unategemea ukuta, unashuka pole pole sawa muntu anataka kwikala, lakini usifike chini sana, magoti isiumie. Halafu unapanda.

Leo asubui namwambia: "Papa, simama ku ukuta."

Anabakia katikati ya salon, pale tunapokeaka bageni. Hatembei.

Narudilia.

Miye na hasira yangu, munaijua: "Papa, ni ukuta tu!"

Njo anasema, bila kuniangalia: "Wakati ya Sécession, ile vita ya kujitenga, basoda balimwambia papa yangu vile. Simama ku ukuta. Nilikuwa mutoto. Niliona."

Sisi batoto yake tulijua tu kama nkambo, papa yake, alikufa mu vita. Basi.

Nikaanza kupanga viti zenye zilikuwa zimepangwa. Nikafungua dirisha, nikafunga.

Mwisho nikamugeuzia mugongo: "Bon. Utegemee miye."

Tukashuka pamoja, mugongo kwa mugongo, nusu tu. Tukapanda.

Na kwenu, bazazi banafichaka maneno ya namna hii?

Yeye alikula bukari yake muzuri, eko analala. Mbele ya kulala aliniita:

"Kesho tutafanya tena. Lakini usiniambie simama. Uniambie: papa, kuya hapa."